Kupima mtaa wenu hadi vipimo vifike kwenye uamuzi: mwongozo wa sayansi ya wananchi katika mipango miji

Mpanga miji anayeamua wapi pawekwe kivuko cha waenda kwa miguu, mtaro upi upanuliwe au barabara ipi ipandwe miti huwa na takwimu chache kuliko wakazi wanavyodhani. Kituo kimoja cha kupima hewa huweza kusimama badala ya mji mzima. Hesabu ya magari huenda ilifanywa siku moja tu, miaka kadhaa iliyopita. Mitaro midogo, vichochoro na vyoo vya jumuiya mara nyingi havimo kabisa kwenye ramani ya ofisi. Wanaoishi hapo wanayajua yote hayo, ila wanachokijua hakijaandikwa popote, na kisichoandikwa ni vigumu kukitengea fedha.

Sayansi ya wananchi huziba pengo hilo. Wakazi wenyewe wanauliza swali, wanapima kwa utaratibu unaoeleweka, na wanatoa matokeo ambayo mtu mwingine anaweza kuyakagua. Miradi mingi ya aina hii huanza kwa shauku kubwa na kuishia kwenye ramani nzuri ambayo hakuna ofisi iliyowahi kuitumia. Kwa maoni yangu sababu kuu ni moja: watu huanza na kifaa, wakapata data, ndipo wakaanza kutafuta wa kumpelekea. Mwongozo huu unaanzia upande wa pili.

Hatua ya 1: Tafuteni uamuzi kabla ya kutafuta kifaa

Kila tatizo la mtaa lina uamuzi unaoligusa, na kila uamuzi una mwenyewe, tarehe na kigezo chake. Unaweza kuwa bajeti ya mwaka ya halmashauri, mapitio ya mpango kabambe wa mji, sheria ndogo ya kelele au maegesho, kibali cha ujenzi, au tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mkubwa. Tumieni wiki mbili za mwanzo kupata majibu matatu: nani anaamua, lini mjadala unafungwa, na ni kipimo gani kinachokubalika mezani kwake.

Jibu la tatu ndilo linaloamua kazi yote itakayofuata. Tuseme wazazi wanataka barabara iliyo mbele ya shule iwekewe matuta. Mhandisi wa barabara hatasaidiwa sana na sentensi kwamba magari yanakwenda kasi. Yeye huuliza mwendo ambao magari 85 kati ya 100 hayauzidi, idadi ya wanaovuka katika saa yenye watu wengi, na ajali zilizorekodiwa. Mkijua hilo mapema, mnapima hayo hayo. Mkilijua mwishoni, mnarudia kazi.

Andikeni swali lenu kwa sentensi moja. “Je, hewa yetu ni chafu?” ni swali lisiloweza kujibiwa na kikundi cha mtaa. “Kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi siku za shule, ni watoto wangapi wanavuka mbele ya lango, na magari yanapita kwa mwendo gani?” ni swali ambalo watu sita wenye kalamu wanaweza kulijibu vizuri.

Mfano mkubwa ninaoujua wa takwimu za wakazi kubadili mipango ni Mukuru, eneo la makazi yasiyo rasmi jijini Nairobi. Kwa miaka mingi wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, kupitia shirikisho la Muungano wa Wanavijiji na washirika wake, walikuwa wakihesabu kaya na kuandika hali ya huduma. Kazi hiyo, pamoja na utafiti uliofanywa na vyuo vikuu, ilionyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipa zaidi kwa maji na umeme duni kuliko mkazi wa mtaa rasmi anayepata huduma bora. Mwaka 2017 serikali ya kaunti ikatangaza eneo hilo kuwa eneo maalumu la mipango, na ujenzi mpya ukasimamishwa kwa miaka 2 wakati mpango unaandaliwa. Angalieni walichopeleka. Hawakuishia kusema maisha ni magumu, walipeleka bei ya huduma ikilinganishwa na bei ya huduma ileile kwingine. Hiyo ni lugha ambayo ofisi ya mipango inaielewa.

Hatua ya 2: Kagueni kilichopo tayari

Hatua hii ni fupi lakini isirukwe. Ombeni ofisini takwimu zilizopo, kwa barua ikiwa sheria ya nchi yenu inatoa haki ya kupata taarifa. Fungueni OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, muone mtaa wenu umechorwa kiasi gani. Waulizeni vyuo vilivyo karibu kama kuna mwanafunzi aliyewahi kupima jambo lenu.

Kisha ombeni nusu saa na ofisa atakayepokea matokeo. Mwulizeni swali moja: “Tukileta takwimu hizi, nini kitakufanya uzikatae?” Andikeni kila anachosema. Orodha hiyo itawafaa kuliko kitabu chochote cha mbinu, na yeye mwenyewe akishachangia namna ya kupima, kazi inakuwa yake pia.

Hatua ya 3: Chagueni njia rahisi kabisa inayotosha

Kuhesabu kwa mkono, futi ya kupimia, dodoso na ramani ya karatasi vinajibu maswali mengi ya mji kuliko vihisi, yaani vifaa vya kielektroniki vya kupimia, vya bei ghali. Mwendo wa magari, kwa mfano, hauhitaji mashine. Wekeni alama mbili kando ya barabara zenye umbali wa mita 50 kati yake, mtu mmoja ashike saa ya kupimia. Gari likipita mita hizo kwa sekunde 6, linakwenda kilomita 30 kwa saa. Likitumia sekunde 3.6, linakwenda kilomita 50 kwa saa. Pimeni angalau magari 100, na yachaguliwe kwa kanuni iliyowekwa mapema, kama kila gari la tano. Msiyachague yale yaliyowatisha. Geuzeni sekunde kuwa mwendo; mwendo wa magari 100 ukipangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa, wa 85 ndio mhandisi anaouuliza. Kumbukeni pia kwamba Azimio la Stockholm la Februari 2020 kuhusu usalama barabarani linataka mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachangamana na waenda kwa miguu na baiskeli. Hapo mna kipimo chenu na kigezo cha kukilinganisha.

Kwa mafuriko, mradi wa Ramani Huria uliofanyika Dar es Salaam kuanzia mwaka 2015 ni shule nzuri. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walitembea kata kwa kata wakichora nyumba, barabara na mitaro kwenye OpenStreetMap. Kwa mtaro hawakuchora mstari tu. Waliandika upana, kina na kilichotumika kuujengea, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyomwezesha mhandisi kukokotoa maji yanayoweza kupita. Wazee wa mtaa waliulizwa maji hufika wapi. Mtu akisema “yalifika kiunoni”, mwombeni asimame palepale, pimeni kutoka ardhini hadi mkono wake unapoonyesha, na mwandike sentimita. Alama ya tope iliyobaki ukutani ni bora zaidi.

Hewa ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa. Vihisi vidogo vya chembechembe vinavyotumia mwanga wa leza hupatikana kwa urahisi, lakini unyevu wa hewa ukiwa mkubwa huhesabu matone ya maji kama vumbi na kutoa namba kubwa kuliko ukweli. Kwa hiyo vinafaa kulinganisha mahali na mahali au saa na saa, na havifai kutamka peke yake kwamba kiwango cha kisheria kimevunjwa. Kama chanzo kinachowasumbua ni magari, fikirieni vijibomba vya kunasa naitrojeni dayoksaidi, gesi inayotoka kwenye moshi wa magari. Havihitaji umeme, vinatundikwa wiki kadhaa kisha vinapelekwa maabara. Mei 2018, katika mradi wa CurieuzeNeuzen huko Flanders, Ubelgiji, washiriki wapatao 20,000 walitundika vijibomba hivyo kwenye madirisha yanayotazama barabara. Chuo Kikuu cha Antwerp, gazeti la De Standaard na idara ya mazingira ya Flanders walishirikiana, na baadhi ya vijibomba viliwekwa kwenye vituo rasmi ili vipimo vilinganishwe. Tofauti kubwa zilionekana kati ya barabara zilizo karibu, hasa pale majengo marefu yanapoibana barabara nyembamba na kuufungia moshi ndani. Serikali ilikuwa na modeli ya kompyuta ya kukadiria hewa hiyo, na vipimo vya wananchi vikatumika kuijaribu.

Hatua ya 4: Andikeni utaratibu wa kupima kwenye ukurasa mmoja

Hapa ndipo mradi unapopata au kupoteza heshima yake, na mfano wa Flint, Michigan, unaeleza kwa nini. Aprili 2014 mji huo wa Marekani ulibadili chanzo cha maji. Wakazi walilalamikia rangi, harufu na vipele, wakaambiwa maji ni salama. Tatizo moja lilikuwa kwenye maelekezo ya kuchukua sampuli: watu waliambiwa wafungulie bomba dakika kadhaa usiku wa kabla ya kupima. Kufanya hivyo huondoa maji yaliyokaa kwenye mabomba, ambayo ndiyo yenye madini ya risasi zaidi. Mwaka 2015 wakazi, wakishirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha Virginia Tech, walitumia utaratibu mwingine. Maji yaachwe yatulie kwenye mabomba kwa saa 6 au zaidi, kisha zijazwe chupa tatu: ya kwanza mara bomba linapofunguliwa, ya pili baada ya sekunde 45, ya tatu baada ya dakika 2. Sampuli za nyumba zaidi ya 250 zilionyesha risasi ya kutisha, na Oktoba mwaka huohuo mji ukarudi kwenye chanzo cha zamani. Bomba ni lilelile na maji ni yaleyale, lakini mpangilio wa kufungua koki ulitosha kulificha tatizo au kulifichua.

Ukurasa wenu useme: nani anapima, anasimama wapi, anaanza na kumaliza saa ngapi, anafanya nini mvua ikinyesha, anahesabu nini na anaacha nini. Je, pikipiki inayosukumwa inahesabiwa? Mtoto aliyebebwa mgongoni anavuka au havuki? Maswali haya yanaonekana madogo hadi watu wawili waliosimama pamoja wanapoleta hesabu mbili.

Kila kipimo kiambatane na tarehe, saa, mahali, hali ya hewa, kifaa na kifupisho cha jina la mpimaji. Saa ziandikwe kwa mfumo mmoja, wa saa 24. Mkichanganya, saa 2 ya mpimaji mmoja itakuwa 08:00 kwenye simu ya mwingine, na mtasawazisha data usiku kucha. Mahali paandikwe kwa latitudo na longitudo zenye desimali tano, ambazo ni sawa na takriban mita moja ardhini, ingawa simu yenyewe huweza kukosea mita kadhaa, na zaidi kati ya majengo marefu. Fomu za KoboToolbox au ODK, programu za kukusanya data kwa simu, hujaza sehemu kubwa ya haya zenyewe na hufanya kazi bila intaneti.

Hatua ya 5: Wapimaji wawe nani, na wapime wapi

Boston iliwahi kutengeneza programu ya simu iliyoitwa Street Bump, iliyohisi mtikisiko wa gari na kuripoti mashimo barabarani. Wazo zuri, lakini wenye simu za kisasa na magari walikuwa wengi zaidi katika mitaa yenye uwezo. Kama data hiyo ingefuatwa bila kusahihishwa, barabara za matajiri ndizo zingetengenezwa kwanza. Hatari hii imo katika kila mradi unaosubiri watu wajitolee wenyewe. Mtaa usioripoti chochote unaweza kuwa ndio wenye shida kubwa, kwa sababu watu wake wako kazini hadi usiku au wamekata tamaa kuripoti.

Kwa hiyo msiwaachie wapimaji wachague mahali. Gawanyeni ramani kwa miraba sawa na kila mraba upate kituo, hata ule usio na tatizo. Vituo visivyo na tatizo ni lazima, kwani bila hivyo hamna cha kulinganisha, na ofisa wa kwanza atakayesoma ripoti atauliza hilo. Kisha tazameni kikundi chenyewe. Kama wote ni vijana wa kiume wenye baiskeli, mtakosa njia ambazo wanawake huzikwepa giza likiingia, ngazi zisizopitika kwa kiti cha magurudumu, na saa ambazo wauza bidhaa wa alfajiri wako barabarani. Warudishieni watu nauli na gharama za simu. Kujitolea kusiwe anasa ya wenye nafasi.

Hatua ya 6: Ulizeni nani anaweza kuumizwa na ramani hii

Mwenye nyumba isiyo na hati ana haki ya kuogopa ramani. Takwimu zinazoonyesha nani anaishi kwenye hifadhi ya mto zinaweza kuleta mtaro au kuleta tingatinga. Jadilini jambo hili na wakazi kabla ya kupima, na wakikataa kitu fulani kisichorwe, kisichorwe. Majina, namba za simu na picha za nyuso zisikusanywe kama swali halizihitaji. Taarifa za kaya zitolewe zikiwa zimejumlishwa kwa kitongoji. Mkitumia kamera kuhesabu magari, chagueni mfumo usiohifadhi picha. Mradi wa Telraam ulioanzia Leuven, Ubelgiji, hufanya hivyo: kifaa hukaa dirishani, huhesabu magari, baiskeli na waenda kwa miguu, na hutuma namba tu.

Hatua ya 7: Fanyeni jaribio, kisha jihakikini wenyewe

Siku moja ya majaribio katika vituo vitatu itafichua karibu kila udhaifu wa ukurasa wenu wa utaratibu. Usahihisheni, kisha msiuguse tena hadi mwisho.

Wakati wa kazi halisi, kituo kimoja katika kila kumi kipimwe na watu wawili wasioonana karatasi. Tofauti kati yao ndiyo kiasi cha makosa yenu, na itangazwe ndani ya ripoti. Vihisi vyote viwekwe pamoja kwa siku kadhaa mwanzoni na mwishoni, ikiwezekana kando ya kituo rasmi, ili ijulikane kipi kinasoma juu na kipi chini. Data ghafi ibaki kama ilivyokuja. Marekebisho yafanywe kwenye nakala, na kila rekebisho liandikwe sababu yake.

Katika uchambuzi, mambo mawili huwakwaza watu wengi. La kwanza ni desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ambazo hazipatiwi wastani kwa kujumlisha na kugawanya. Nusu saa ya desibeli 60 na nusu saa ya desibeli 80 haifanyi 70, inafanya karibu 77. La pili ni kulinganisha visivyolingana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 kwa chembechembe za PM2.5, yaani zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ni mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, na 15 kwa wastani wa saa 24. Kuchukua namba ya saa moja ya jioni na kuilinganisha na kiwango cha mwaka ni kosa ambalo litaizamisha ripoti nzima, hata kama sehemu nyingine zote ni sahihi.

Hatua ya 8: Fikisheni matokeo mezani kwa wakati

Ripoti ndefu wekeni mtandaoni pamoja na data na leseni inayoruhusu kutumiwa. Mezani pelekeni kurasa mbili: swali, ramani moja, namba tatu, udhaifu wa vipimo vyenu, na ombi. Ombi liwe kitu ambacho ofisi hiyo ina mamlaka nacho na linaweza kuingia kwenye bajeti iliyo mbele yao. “Boresheni usalama” halibebeki. “Wekeni kivuko kilichoinuliwa mita 20 kabla ya lango” linabebeka.

Mpeni ofisa matokeo kabla ya waandishi wa habari, angalau wiki moja. Akishtukizwa hadharani atajitetea, na mtatumia miezi kubishana juu ya vihisi badala ya barabara. Mkishampa nafasi na asijibu, tangazeni bila woga.

Wakati mwingine njia nzuri ni kukaa pamoja na wanaolaumiwa. Wakazi wanaoizunguka Plaça del Sol, uwanja mdogo wa mtaa wa Gràcia huko Barcelona, walilalamikia kelele za usiku kwa miaka mingi. Mwaka 2017 waliweka vihisi vya sauti kwenye roshani zao, wakapata rekodi ya kelele saa kwa saa usiku kucha, wakaitumia katika vikao vya mtaa na manispaa. Mojawapo ya hatua zilizofuata ilikuwa kupanga mimea kwenye ngazi ambazo watu walikuwa wakikaa hadi usiku wa manane. Hatua ndogo, ya gharama ndogo, mahali hasa palipooneshwa na vipimo.

Na msidharau takwimu zinazomsaidia kila mtu. Watafiti na wanafunzi, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walipanda matatu wakiwa na simu zilizorekodi njia na vituo, na mwaka 2014 wakatoa ramani ya mtandao mzima wa njia za matatu za Nairobi, ambayo mamlaka za mji zilipokea. Data ilikuwa wazi na katika muundo wa kimataifa wa ratiba za usafiri, hivyo watengenezaji wa programu za safari nao wakaweza kuitumia.

Hatua ya 9: Pimeni tena

Kama ombi limekubaliwa, andikeni tarehe ya ujenzi na mwombe iingizwe kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya kazi kukamilika subirini miezi miwili au mitatu watu wazoee, kisha rudini kwenye vituo vilevile, saa zilezile, aina ileile ya siku, kwa ukurasa uleule wa utaratibu. Pimeni pia barabara za jirani, kwa sababu magari yaliyozuiwa kwenu huenda yamehamia kwao. Kama mwendo umeshuka mbele ya lango lenu na umepanda mbele ya lango la shule ya pili, hilo nalo liandikwe na kupelekwa kwa ofisa yuleyule, safari hii mkiwa na wazazi wa shule hiyo ya pili.